Laptopu ya kazi Mombasa: unyevu, chumvi, stima na safari

Saa kumi na moja jioni, ofisi ya wakala wa forodha Moi Avenue. Nyaraka za mizigo zimeshawasilishwa, kifuniko cha laptopu kinafungwa, laptopu inatumbukizwa begini na mwenyewe anateremka ngazi kutafuta tuktuk. Yeye amemaliza kazi ya siku. Laptopu ndiyo kwanza inaingia kwenye mtihani: imetoka kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20, inaingia kwenye hewa ya bahari iliyojaa maji, na huenda bado inawaka humo begini.

Watu huitunza laptopu ikiwa mezani, wakaisahau inapohama. Kwa hivyo mwongozo huu unaifuata njiani: ofisini hadi nyumbani, kisiwani hadi Miritini, Mombasa hadi ng'ambo. Mifano mingi ni ya Windows, kwa sababu ndiyo inayoendesha laptopu nyingi za kazi hapa mjini, iwe ThinkPad, Latitude au EliteBook.

Kufunga kifuniko si kuzima

Laptopu za miaka ya karibuni zikifungwa hulala usingizi mwepesi, kama simu. Mtandao hubaki umeunganishwa, barua pepe zinaingia, masasisho yanashushwa, na mara nyingine mashine inaamka bila kuguswa. Mezani hilo halina neno. Ndani ya begi lililofungwa zipu, feni haina hewa ya kuvuta. Ukifika Bamburi unakuta begi lina moto, na betri iliyokuwa asilimia 80 imebaki 30. Fanya hivyo kila jioni kwa mwaka mzima na betri itazeeka kabla ya umri wake, kwani hakuna kinachoimaliza betri ya lithiamu haraka kama joto.

Dawa ni kutumia Hibernate. Hapo mashine huandika kila kilichofunguliwa kwenye diski, kisha hujizima kabisa. Ukiiwasha, kazi yako inarudi pale pale ulipoiachia. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /a, ubonyeze Enter. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)" miongoni mwa yanayopatikana, laptopu yako ni ya huo usingizi mwepesi. Kama Hibernate haimo kwenye orodha, fungua tena Command Prompt kwa haki za msimamizi, uandike powercfg /hibernate on. Faili yake huchukua takriban asilimia 40 ya RAM, yaani mashine ya RAM ya GB 16 itatumia kama GB 6.4 za diski. Diski ikiwa karibu kujaa, futa kwanza faili usizohitaji.

Halafu nenda Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", uchague Hibernate kwenye safu zote mbili: ya betri na ya chaja. Wengi huweka ya betri peke yake. Kisha wanafunga kifuniko chaja ikiwa bado imechomekwa, wanaichomoa, na laptopu inaendelea na usingizi wake wa kwanza hadi nyumbani. Ukishafunga, ngoja taa ya kitufe cha kuwashia izimike. Kwenye diski ya SSD ni sekunde chache tu. Kwenye diski ya zamani inayozunguka huchukua muda zaidi, na ukiitikisa inapoandika unaweza kuikwaruza na kupoteza faili.

Jasho la laptopu

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke barazani. Baada ya dakika mbili imelowa nje, na hakuna aliyeimwagia maji. Laptopu iliyokaa siku nzima chini ya kiyoyozi hutokwa na jasho vivyo hivyo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, hewa ya hapa hubeba maji mengi mno. Chuma chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi hushika umande kikitolewa nje. Umande huo hauishii kwenye kifuniko. Hushika pia kwenye ubao mkuu wa saketi (motherboard) ndani, mahali usipoweza kupafuta.

Kinga yake ni rahisi, ila inataka subira. Panga kiyoyozi kwenye nyuzi 24 au 25 badala ya 18. Utaokoa na bili ya stima. Ukitoka, laptopu iwe imezimika na begi limefungwa zipu, ili ipate joto polepole bila kuguswa na hewa ya nje. Ukifika uendako, iache begini dakika 30 kabla ya kuiwasha. Kosa kubwa ni kutoka kwenye chumba cha mikutano chenye baridi, kukaa kwenye baraza ya hoteli ya Nyali na kuifungua hapo hapo kumalizia barua moja.

Chumvi ni jambo jingine, na ndiyo inayofanya vifaa vya Pwani vife mapema kuliko vya bara. Upepo wa bahari hubeba chembechembe zake hadi ndani ya nyumba. Chembe hizo huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme na kula shaba. Dalili huanza kidogo kidogo: chaja inashika ukiipinda upande mmoja tu, fleshi inatambulika mara moja na kukataliwa mara mbili, herufi moja ya kibodi inagoma asubuhi na kupona mchana mashine ikishapata joto. Ukimulika tundu kwa tochi ya simu utaona ukijani au uweupe kwenye vipande vya shaba.

Kusafisha matundu hakuhitaji fundi. Tafuta pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Usitumie spiriti ya vidonda ya duka la dawa. Ina maji, na nyingine ina mafuta yanayobaki na kushika vumbi. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Chovya mswaki mpya laini, uukung'ute mpaka usidondoshe, kisha piga mswaki ndani ya tundu kwa mwendo mfupi wa kuingia na kutoka. Geuza laptopu ili uchafu udondoke chini. Ngoja dakika 15 kabla ya kuiwasha. Usitie pini wala sindano. Ndani ya tundu la USB-C kuna ulimi mwembamba katikati, na ukivunjika tundu zima linabadilishwa. Kisiwani, fanya hivi kila baada ya miezi miwili. Anayekaa karibu na ufuo, Nyali au Diani, kila mwezi.

Weka pia silika begini. Vile vipakiti vinavyokuja na viatu ni vidogo mno, na kwa kawaida vimeshashiba unyevu kabla hujavifungua. Nunua ya kubadilika rangi, gramu 50 hadi 100, uiweke kwenye kimfuko cha kitambaa. Ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba. Ikifika hapo iweke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili, itarudi rangi yake. Kuianika juani hapa hakutoshi, maana hewa yenyewe ndiyo inayoirudishia maji. Na kama una laptopu ya akiba imelala kabatini, iwashe angalau mara moja kwa wiki kwa saa moja. Joto lake lenyewe huikausha.

Feni na mahali pa kuiweka

Laptopu nyingi za biashara huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni au nyuma. Ukiiweka juu ya godoro au kwenye kanga mapajani, umeiziba pua. Inua upande wa nyuma sentimita mbili au tatu, hata kwa kitabu chembamba, mradi usizibe matundu. Feni ikianza kunguruma kwa kazi ndogo kama kufungua barua pepe, kuna vumbi. Unapoipuliza kwa hewa ya kopo, zuia mapanga yake kwa kijiti cha meno. Yakizungushwa kwa kasi na hewa, beringi huharibika. Mashine iliyopita miaka minne na bado ina moto baada ya kusafishwa hutaka krimu mpya ya kupoza prosesa. Hiyo mpelekee fundi.

Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Hata kwenye buti hapana.

Betri

Kabla ya kulaumu betri, isome. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt; Windows itatengeneza ukurasa na kukuonyesha ilipouhifadhi. Linganisha mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo wa sasa. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 mWh na wa pili 31,000, umebaki na asilimia 62. Mtu wa kukaa ofisini anaweza kuvumilia. Anayesafiri kila wiki abadilishe.

Betri iliyochomekwa chaja siku nzima na kukaa asilimia 100 kwenye joto la hapa huchakaa haraka. Laptopu za biashara zina mpangilio wa kuizuia kwenye 80. ThinkPad: fungua Lenovo Vantage, upande wa betri, weka ianze kujaza kwenye 75 na iache kwenye 80. Kwenye Dell Latitude mpangilio uko ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, kabla ya Windows; tafuta sehemu ya kuchaji betri. Chagua Custom au Primarily AC Use. HP EliteBook: ingia BIOS kwa F10, tafuta Battery Health Manager, uchague kulinda afya ya betri. Usiku wa kuamkia safari ondoa kizuizi, ijaze hadi 100, na ukirudi ukirudishe.

Ukiona padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyeza, kifuniko hakifungi sawasawa, au laptopu inacheza ikiwa juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiikandamize, usipande nayo ndege. Fundi aitoe kabla haijapasua kibodi, au kufanya baya zaidi.

Stima na chaja

Stima ikipotea, laptopu haijali. Ina betri yake. Hatari iko inaporudi, kwa sababu umeme wa kwanza unaweza kuja kwa kishindo na kuunguza chaja. Tumia kile kifaa cha kulinda TV, kinachongoja dakika kadhaa umeme utulie kabla ya kuupitisha. Kama hunacho, chomoa chaja mara taa zinapozimika. Ruta ya intaneti nayo huzimika, kwa hivyo anayefanya kazi nyumbani atafute UPS ndogo ya ruta, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa umeme. Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini soma kibandiko cha yako kwanza.

Chaja ikifa ghafla, usiitupe kabla ya kuangalia fyuzi. Plagi ya pini tatu tunayotumia ina fyuzi ndani, na kwenye waya wa laptopu kwa kawaida ni ya ampea 3. Iondoe kwa bisibisi bapa, weka nyingine ya ampea hizo hizo. Usiweke ya 13 eti isiungue tena. Waya ule mwembamba ndio utakaoungua badala yake.

Ukilazimika kununua chaja, soma kibandiko cha ya zamani. Volti ziwe zile zile, na ampea ziwe sawa au zaidi. Volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65, kiasi kinachotosha laptopu nyingi za kazi za inchi 14. Chaja za Dell za pini ya duara zina waya mwembamba katikati wa kuitambulisha chaja kwa mashine. Ukivunjika, au chaja ikiwa bandia, laptopu hukuambia haiitambui, inakataa kujaza betri na kwenda polepole. Watu huhangaika kubadilisha betri, kumbe kosa ni la pini.

Kwa safari, laptopu inayochaji kwa USB-C hukupunguzia mzigo: chaja moja ya wati 65 inatosha mashine na simu. Powabanki nayo isomwe vizuri. Ili ichaji laptopu ni lazima iweze kutoa volti 20, na ubavuni iandikwe wati 45 au 65. Ile ya simu ya wati 22.5 haitafanya kitu. Uwezo wake halisi kwa wati-saa (Wh) hupatikana hivi: mAh zilizoandikwa ubavuni mara 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ina Wh 74. Sehemu hupotea njiani kwa joto, basi tarajia kama Wh 60, yaani betri ya laptopu ya Wh 50 mara moja na chenji kidogo. Kebo nayo iwe ya kubeba wati hizo. Kebo ya simu ya bei rahisi mara nyingi ndiyo sababu ya laptopu kuandika kwamba inachaji polepole.

Treni ya Miritini

Treni ya SGR huchukua saa tano hadi sita kufika Syokimau, kutegemea ni ya moja kwa moja au ya kusimama. Ni muda mzuri wa kazi kwa aliyejiandaa. Asiyejiandaa atautumia kutazama duara la mtandao likizunguka, kwa sababu ukikatiza Tsavo mtandao huja na kupotea.

Kwa hivyo gawanya kazi usiku uliotangulia. Kila kinachotaka mtandao kikamilike kabla hujatoka nyumbani: mfumo wa forodha, tovuti ya KRA, benki. PAYE mwisho ni tarehe 9 ya mwezi na VAT tarehe 20. Usiweke tumaini la kuwasilisha ukiwa karibu na Voi. Kinachobaki ni kuandika ripoti, kukagua ankara, kupanga hesabu kwenye Excel. Hizo faili zishushe kwenye laptopu yenyewe. Kwenye OneDrive bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, uchague "Always keep on this device", ungoje alama ya kijani iliyojaa. Alama ya wingu maana yake faili ingali huko mbali, na ndani ya treni haitafunguka. Hakikisha kwa kuzima Wi-Fi nyumbani na kuifungua faili moja.

Kituoni fika mapema, na kama unatoka kisiwani hesabu msongamano wa Changamwe. Mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha hupita kwenye skana. Weka laptopu, chaja na powabanki juu kabisa begini, usije ukapekua nguo mbele ya foleni. Ukishavuka skana, kabla ya kuchukua hatua hesabu vitu: laptopu, chaja, simu, kitambulisho. Hapo ndipo chaja husahaulika. Ndani ya treni usitegemee soketi. Panda na betri ya asilimia 100, punguza mwangaza wa skrini hadi nusu, washa hali ya kuokoa betri. Begi la laptopu likae miguuni, mkanda umezungushwa mguuni, hasa ukitaka kusinzia. Lisikae kule juu.

Jirani wa kiti anaona skrini yako vizuri kuliko unavyodhani. Kichujio cha kuzuia watu wa pembeni hubandikwa juu ya skrini na kina maana sana kwa anayebeba mikataba ya wateja.

Ukitumia mtandao wa simu, unganisha kwa kebo ya USB badala ya hotspoti ya Wi-Fi. Muunganisho unakuwa imara zaidi na simu inachajiwa papo hapo, ingawa inakula betri ya laptopu kidogo. Halafu iambie Windows kwamba bando lina kipimo: Settings, Network, chagua muunganisho huo, washa "Metered connection". Usipofanya hivyo, sasisho moja la Windows linaweza kumaliza bando lote la siku kabla ya Mtito Andei.

Feri, tuktuk na mvua

Likoni, saa za asubuhi na jioni, watu husukumana kuingia na kutoka feri. Begi livaliwe kifuani, zipu zikielekea mwilini. Begi lenye nembo ya kampuni ya kompyuta linatangaza kilichomo. Begi la kawaida lenye kifuko cha sponji ndani ni bora mara kumi. Kwenye tuktuk begi likae upande wa ndani au katikati ya miguu. Likiwekwa ubavuni kwenye uwazi, bodaboda inayopita karibu yaweza kulinyakua. Ukiwa kwenye msongamano, usiifungue laptopu mapajani kumalizia kazi.

Mvua za masika, Aprili na Mei, hazipigi hodi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, basi tafuta ule mfuko usiopitisha maji unaokunjwa mdomo mara tatu, kama wanaotumia wapiga mbizi. Wa lita 10 hadi 15 unameza laptopu ya inchi 14 na chaja yake. Koti la mvua la begi husaidia, lakini maji huingilia upande wa mgongoni ukiwa kwenye boda.

Ikilowa, au ikimwagikiwa chai: bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 mpaka izimike, chomoa chaja, ifungue kama hema na uigeuze kibodi ikiangalia chini. Usiiwashe kuona kama imepona. Mchele hausaidii kitu; unaacha vumbi la wanga ndani. Chai ya maziwa na sukari haikauki ikaisha, hubaki kama gundi inayokula shaba, kwa hivyo fundi ni lazima afungue, achomoe betri na asafishe kwa isopropili, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Kuvuka mpaka

Powabanki na betri za akiba hupanda nawe ndani ya ndege; haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Hadi Wh 100 kwa kawaida hazihitaji idhini. Kati ya Wh 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Ya mAh 20,000 ina Wh 74, imepita. Ya mAh 30,000 ina Wh 111, iulizie kabla. Yenye maandishi yaliyofutika inaweza kuzuiwa, kwani afisa hana cha kusoma.

Plagi zetu zinaingia moja kwa moja Uganda, Dubai na Uingereza. Ujerumani na Ufaransa ni pini mbili za duara. India na Afrika Kusini ni tatu za duara, lakini za ukubwa tofauti. Marekani ni bapa mbili, na umeme wao ni wa volti 120. Chaja iliyoandikwa 100-240V inafanya kazi kote huko, ikitaka adapta tu.

Siri za watu zilizomo ndani

Thamani ya laptopu ya kazi iko kwenye nakala za vitambulisho, ankara, rekodi za wagonjwa au wageni wa hoteli. Nenosiri la kuingilia peke yake halizilindi. Mwizi atatoa diski, aichomeke kwenye mashine nyingine, asome. Windows Pro ina BitLocker, inayofunga diski yenyewe. Tafuta "Manage BitLocker", bonyeza "Turn on", ufuate hatua. Itakupa ufunguo wa tarakimu 48. Uchapishe na uuache ofisini au nyumbani, na nakala nyingine iwe mahali unapoweza kupafikia kwa simu. Usiuweke ndani ya begi la laptopu. Sasisho la BIOS linaweza kuifanya mashine idai ufunguo huo ikiwaka, kwa hivyo usikubali sasisho la BIOS ukiwa safarini.

Nakala ya kazi iwe sehemu mbili: mtandaoni, na kwenye SSD ndogo ya nje iliyofungwa kwa BitLocker vilevile, inayosafiri kwenye begi tofauti.

Anayenunua laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, afanye vipimo vitatu kabla ya kulipa. Iwashe huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. Ikidai nenosiri la BIOS, iache dukani. Ifute na kuianzisha upya ikiwa na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua, bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani na inaweza kufungwa kutoka mbali. Tatu, prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha 8 au zaidi: i5-8250U inaingia Windows 11, i5-7300U haiingii. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mashine isiyovuka hapo haifai tena kubeba siri za wateja.

Ikiibwa, tumia simu mara moja: badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, maana ndilo linalofungua mengine yote, kisha ondoa laptopu kwenye orodha ya vifaa vya akaunti zako, halafu benki na mifumo ya kazi. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Watakuuliza namba ya usajili ya mashine, ile iliyo kwenye kibandiko cha chini, na ndiyo sababu uipige picha leo uihifadhi kwenye simu. Mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo hata kama unaona aibu. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data binafsi za watu zikiangukia mikono isiyostahili na kuwa hatari kwao, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, na ufunguo uko ofisini, ni jambo la kwanza kuandikwa kwenye taarifa hiyo.